Jon Postel, mwenye alishika kaye ya intaneti

Mu kila sendika kuko muntu moja mwenye hasemi mingi mu mukutano, lakini yeye njo anashika kaye. Anaandika majina ya memba, anatoa namba, anachunga PV za zamani. Viongozi wanabadilika, kaye inabakia. Na siku yenye mabishano inaingia, wote wanamukimbilia, juu kaye njo inasema nani ni memba na nani hapana. Intaneti nayo ilikuwa na muntu wa namna hiyo kwa miaka karibu 30. Jina lake Jonathan Postel, wote walimuita Jon. Hakuacha kampuni, na jina lake haliko ku telefone wala ku mashini yenye inauzishwa. Lakini mesaje yako ya leo asubui ilipita mu kanuni zenye ziliandikwa ao kusahihishwa na mukono wake.

Alizaliwa tarehe 6 Mwezi wa 8, 1943, ku Altadena, karibu na Los Angeles, mu jimbo la California, Marekani. Sekondari alisoma ku Van Nuys, shule moja na vijana wawili wenye tutakutana nao tena: Steve Crocker na Vint Cerf. Pointi zake hazikuwa za kushangaza. Alipitia kwanza ku koleji ndogo ya karibu na kwao, na pale njo ordinatere ilimuteka. Kisha akaingia Iniversite ya California ya Los Angeles, ile yenye wanaita UCLA. Diploma ya kwanza 1966, ya pili 1968. Angeweza kwenda kutafuta mushahara. Akabakia ku masomo, akaanza doktora.

Ile wakati ordinatere ilikuwa mashini ya kujaza chumba. Kila fabrike ilitengeneza yake, na mashini ya fabrike moja haikusikia lugha ya ingine. ARPA, ofisi moja ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ilikuwa inalipia iniversite mbalimbali ordinatere, na gharama ilipanda juu kila profesa alitaka yake. Ikaamua kuziunganisha na rezo moja. Kampuni BBN ya Massachusetts ikapewa kazi ya kutengeneza mashini ya katikati, jina IMP, ukubwa sawa frigo, uzito karibu kilo 400. Ya kwanza ilifika UCLA mwisho wa Mwezi wa 8, 1969, mu labo ya profesa Leonard Kleinrock, fasi Postel alikuwa mwanafunzi.

Tarehe 29 Mwezi wa 10 wakajaribu kutuma neno la kuingilia mu mashini ya Stanford Research Institute, yenye ilikuwa mbali zaidi ya kilometre 500. Herufi mbili zikafika, kisha mashini ya ule upande ikaanguka. Nyuma ya saa moja hivi wakajaribu tena, ikakubali. Mwaka ulipoisha, kulikuwa fasi ine zenye zinaongea.

BBN ilitengeneza IMP, bon. Lakini hakuna mukubwa aliandika ordinatere zenyewe zitaambiana nini kupitia zile IMP. Maprofesa waliwaachia wanafunzi ile kazi. Wanafunzi wakakutana, Crocker, Cerf, Postel na wengine, hakuna shefu, hakuna mutumwa wa Leta ndani. Waliogopa kwamba siku moja wataalamu wa kweli watafika kutoka Washington ao Boston na kuwafukuza. Kwa hiyo Crocker, alipoandika maandishi ya kwanza mu Mwezi wa 4, 1969, aliyapa jina la upole: ombi la maoni. Aliandika usiku ndani ya chumba cha kuogea, juu asiamushe marafiki wenye walikuwa wamelala. RFC, njo jina ilibakia. Kila muntu aliweza kuandika, kila muntu aliweza kupinga, na kila karatasi ilipata namba. Wakubwa wa Washington hawakufika kuwafukuza. Maombi ya maoni yakageuka sheria.

Mimi ni muntu wa mugodi, na masomo yangu yaliishia ku sekondari, lakini shida yenye wale vijana walikuwa wanasoma haina uchawi. Ordinatere moja peke yake iko sawa na muntu moja mu chumba: anajua ni saa ngapi, anajua nini alifanya mbele na nini alifanya nyuma. Weka ordinatere mbili mbalimbali, uzi katikati, na uhakika wote unapotea. Mesaje inaweza kupotea njiani. Inaweza kufika mara mbili. Ya pili inaweza kufika mbele ya ya kwanza, juu zinakatwa vipande na kila kipande kinaweza kupita njia yake. Kila mashini iko na saa yake, na saa hazipatane. Lakini ubaya mukubwa ni kimya. Wenye kushuka mu shimo wanaelewa hiyo mbio: uko chini, unapiga kengele ya kaje, juu wananyamaza. Mwenye kuendesha kaje ametoka? Hakusikia? Ao waya umekatika? Kimya ni kimoja, sababu ni tatu, na muntu wa chini hana njia ya kuzitenganisha kwa kusikiliza tu. Masomo ya ordinatere zenye zinafanya kazi pamoja mbalimbali yanazunguka pale, hata leo, hata kwa mwanafunzi wa doktora wa mwaka huu.

Postel alichukua ile shida kama teze yake. Alichora mazungumuzo ya mashini kama ramani: nukta na mishale. Kisha ku ile ramani alitafuta fasi mazungumuzo yanaweza kukwama, pale mashini A inamungojea B, na B inamungojea A, sawa kamio mbili zenye zinakutana mu galeri ya njia moja na kila dereva anangoja mwenzake arudi nyuma. Alimaliza doktora 1974, musimamizi wake David Farber.

Lakini kabla hata ya kumaliza, alikuwa amesha kuchukua mukononi kazi yenye ilimufanya kuwa Postel. Ni kazi ya matrikile.

Mufanyakazi wa mugodi hahitaji kuelezwa matrikile. Watu wawili wakipewa matrikile moja, mushahara wa moja unalipwa kwa mwingine, na siku ya ajali hakuna mwenye kujua nani alishuka. Ku rezo ni vile vile. Kila mashini ilihitaji namba, na ndani ya mashini kila kazi, ya kutuma mafaili, ya kuingia kutoka mbali, ilihitaji mulango wenye namba yake. Kama UCLA inasema mulango fulani ni wa mafaili na Utah inasema ni wa kitu kingine, hakuna mazungumuzo. Namba yenyewe haina maana. 7 haishindi 9. Maana ni kwamba wote wakubaliane, na moja isitolewe mara mbili. Mu Mwezi wa 5, 1972, Postel aliandika RFC 349, akapendekeza kuwe na mutawala moja wa kugawa zile namba. Mu mabano akajitaja mwenyewe, akaweka alama ya kuuliza nyuma. Hakuna aliyepinga. Hakuna aliyepiga kura pia. Ile alama ya kuuliza ilibakia bila jibu miaka 26.

Alipotoka UCLA alipita mu timu ya Douglas Engelbart ku Stanford Research Institute, na mu Mwezi wa 3, 1977 akaingia ku Information Sciences Institute, ya Iniversite ya Kusini mwa California, ku Marina del Rey, karibu na bahari. Hakutoka tena pale. Wenye walimujua wanamukumbuka na ndevu ndefu na sandale ku miguu. Namba zilimufuata, na nafasi ya kusahihisha zile RFC pia. Pamoja na Joyce Reynolds, mwanamuke mwenye alifanya naye kazi miaka mingi, alisoma kila maandishi mbele ya kuyatoa. Yenye hayaeleweki yalirudishwa kwa mwenyewe.

Ku ile ofisi njo aliandika karatasi moja yenye mimi naona inapita zote, hata kama ni fupi. Ni ya Mwezi wa 8, 1977. Cerf na Robert Kahn walikuwa wametengeneza kanuni ya kuunganisha rezo nyingi mbalimbali, TCP, lakini ile kanuni ilifanya kazi mbili kwa mara moja: kupitisha vipande kutoka rezo mupaka rezo, na kuchunga kwamba vyote vimefika, kwa mustari, bila kupungua. Postel akaandika kwamba kuchanganya hizo mbili ni kosa, tuzitenge. Fikiria treni ya minerai yenye inavuka inchi tatu. Gare ya katikati inasoma tu fasi wagon inaenda na kuisukuma mbele. Haifungue, haihesabu magunia. Magunia yanahesabiwa na mwenye kupakia na mwenye kupokea. Kama moja haiko, wao wawili wataandikiana. Ile kazi ya gare ikapata jina IP, kazi ya kuhesabu ikabakia na TCP. Mu Mwezi wa 9, 1981, kanuni zote mbili zilitoka mikononi mwa Postel kama RFC 791 na 793. Mwaka wa kufuata akatoa RFC 821, ya namna barua inatumwa ku rezo.

Mu zile kanuni aliweka pia shauri moja lenye lilijulikana kupita mengine: mashini ikituma, iwe makini sana na kanuni, ikipokea, ivumilie makosa madogo ya mwenzake. Leo mainjinia wengine wanalilalamikia, juu uvumilivu unaacha makosa yazeeke mupaka yanageuka desturi. Wako na haki kidogo. Lakini mu miaka ile, bila ule uvumilivu, mashini za fabrike kumi tofauti hazingesikilizana hata siku moja.

Kubadilisha rezo nzima kutoka kanuni ya zamani kuingia TCP na IP, yeye njo aliandika mupango. Tarehe ya mwisho: 1 Mwezi wa 1, 1983. Wengi walijikokota, kila mutu alisema mashini yake haiko tayari. Mu 1982, Cerf na Postel wakafunga kanuni ya zamani siku nzima, ya kujaribu. Wenye hawakubadilisha wakajikuta inje, simu zikalia. Kila delege anajua ile njia: siku moja ya onyo inafundisha kuliko barua makumi. Tarehe ilipofika, rezo ikahama.

Kisha shida ya majina. Watu hawashiki namba mu kichwa, wanashika majina. Orodha ya majina yote ilikuwa faili moja, ku Stanford Research Institute, mu ofisi ya Elizabeth Feinler, na kila mashini ilikuja kuikopi pale. Mashini zilipokuwa mia kazaa, sawa. Ziliposonga mbele, ile faili ilikuwa inazeeka kabla haijafika. Postel akamupa kijana wa ofisi yake, Paul Mockapetris, mapendekezo kazaa ya kupatanisha. Mockapetris akayaweka pembeni na kutengeneza yake, mu 1983: kaye kubwa ikatwe kurasa, kila fasi ishike ukurasa wake. Unauliza shina kwanza, shina linakutuma ku tawi, tawi linakutuma ku jani. Hakuna mashini moja yenye inajua yote. Ni kati ya mifano mizuri kabisa ya kazi ya kugawanyika yenye imeshaonekana, na ingali inatumika.

Lakini mwangalizi ataona kitu. Matawi yaligawanywa, shina hapana. Juu kabisa kulikuwa ukurasa mufupi, wenye kusema nani anashika com, nani anashika fr, nani anashika tz. Na kalamu ya ule ukurasa ilikuwa kwa Postel.

Hapo njo tunamuona hekima yake, na inatugusa sisi wa Congo. Mara tu alipoanza kugawa miisho ya inchi, swali likamungojea: inchi ni nini? Nani ataamua kama jimbo fulani ni inchi? Mugawa namba moja wa California akiamua ile, ameisha. Postel alikataa kuamua. Alichukua orodha ya herufi mbili mbili ya shirika ISO, yenye imesimamia ku orodha za Umoja wa Mataifa, akasema ninafuata hiyo, bishaneni na wao. Akaiandika wazi mu RFC 1591, mu 1994. Kwa ile orodha, Zaire ilikuwa zr. Mu Mwezi wa 5, 1997, utawala ulibadilika ku Kinshasa, jina la inchi nalo likabadilika, orodha ya ISO ikaandika cd, na mu ile mwaka cd ikaingia ku shina la intaneti. Nani alishinda vita, kaye haikuuliza. Nukta zr ilifutwa mu 2001.

Sasa franka. Mupaka hapa kazi yote ilikuwa ya wanafunzi na watafiti, Leta ya Marekani ikilipa bila kuangalia sana. Mu 1993 shirika la Leta la kusaidia sayansi liliipa kampuni Network Solutions kazi ya kuandika majina, na mu 1995 likairuhusu kulipisha: dolare 100 kwa jina moja, miaka miwili. Watu wa com waliongezeka kama mvua, na kampuni moja peke yake ilikuwa ku mulango. Mu 1996 Postel alipendekeza kufungua miisho mingi mipya kusudi wengine waingie. Mabishano yakawaka: wafanya biashara, wenye alama za biashara, inchi za Ulaya, Washington. Na swali lenye hakuna aliuliza 1972 likatokea sasa kwa sauti: huyu muntu wa ndevu, nani alimupa kalamu?

Tarehe 28 Mwezi wa 1, 1998, Postel aliandikia wenye kuchunga mashini nane za shina. Mashini zote za shina zilikuwa zinakopi ukurasa kutoka mashini moja ya Network Solutions. Aliwaomba waanze kukopi kutoka mashini ya ofisi yake. Wote wanane walifanya. Ukurasa ulikuwa ule ule, watumiaji hawakuona kitu. Lakini kwa siku chache, sehemu kubwa ya shina ilimusikiliza mutafiti mumoja, si Leta wala kampuni. Ira Magaziner, mushauri wa Rais Clinton, akaingilia, na mbele ya juma moja kupita mashini zikarudishwa.

Postel alieleza kwamba ilikuwa jaribio la kiufundi tu. Ninaheshimu ile maelezo. Lakini mwenye amesha kupanga kusimamisha kazi saa moja, saa moja tu, kisha kurudi kimya, anajua ile saa inapima nini. Postel hakuwa na jeshi, hakuwa na sheria, na makaratasi ya haki yake ku shina yalikuwa machache. Alikuwa na watu wenye wamemuamini toka miaka ya 1970, na ile siku walimujibu. Tena hakung'ang'ania. Siku mbili nyuma ya ile barua yake, tarehe 30, Leta ilitoa pendekezo lake la kuachilia usimamizi kwa shirika jipya lisilo la serikali.

Wengine wanamusifu kwa ile kitendo kama mupigania uhuru. Mimi siendi mupaka pale. Kaye yenye iko mukononi mwa muntu moja, hata muntu mwema, ni hatari. Hana kamati ya kumukagua, na akigonjwa wote wanagonjwa. Rezo yenye ilitengenezwa kusudi fasi moja ikikufa zingine ziendelee, ilikuwa na fasi moja, na ile fasi ilikuwa na moyo mugonjwa. Kwa haki yake, yeye mwenyewe alitumia mwaka wake wa mwisho kutengeneza shirika la kumuchukulia nafasi. ICANN iliandikishwa California tarehe 30 Mwezi wa 9, 1998. Ilikuja na baraza, na mawakili, na malipo, na mabishano yenye hayajaisha.

Siku 16 nyuma yake, tarehe 16 Mwezi wa 10, Jon Postel alikufa ku Los Angeles, kisha kupasuliwa moyo. Alikuwa na miaka 55. Joyce Reynolds na wenzake waliendelea kusahihisha RFC, na kaye ya namba ikahamia ICANN. Vint Cerf, mutoto wa shule moja naye ya Van Nuys, aliandika maneno ya kumuaga na kuyatuma kwa njia ile ile ya maandishi yote. Yalipewa namba mu mustari kama mengine: RFC 2468.